Faili la zamani linalowafungia njia wafuatiliaji wa mtandaoni

Na Mwandishi Wetu

Fungua habari yoyote kwenye tovuti ya gazeti kubwa, liwe la Dar es Salaam, Nairobi au London. Kabla hujaanza kusoma, bonyeza kitufe cha F12 kwenye kompyuta, chagua sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, kisha uupakie ukurasa upya. Orodha ya majina itaanza kushuka.

Ya kwanza utayatambua. Ni ya gazeti lenyewe, linaleta maandishi na picha. Yanayofuata hukuyaita: google-analytics.com, doubleclick.net, connect.facebook.net, pengine na hotjar.com au scorecardresearch.com. Mengine hata aliyeijenga tovuti anaweza kushindwa kueleza yameingiaje, kwa sababu skripti moja ya matangazo huita nyingine, nayo ikaita ya tatu.

Wewe ulikuja kusoma bei ya mahindi. Kampuni ambazo hujawahi kuingia nazo mkataba zimeshajua kwamba umekuja, umetokea wapi na unatumia kompyuta ya namna gani.

Wengi wakiligundua hili hukimbilia kupakua programu ya kuzuia matangazo. Wasichokijua ni kwamba kompyuta yao, tangu siku waliyoinunua, ina faili moja la maandishi matupu linaloweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kupakua chochote. Linaitwa hosts. Makala haya yanalihusu faili hilo, mipaka yake, na malalamiko ya wale linaowanyima mapato. Gazeti hili limo miongoni mwao.

Wanachokichukua

Skripti ni kipande cha programu kinachoshuka pamoja na ukurasa na kuendeshwa na kivinjari chako. Nyingi hazina ubaya wowote: ndizo zinazofungua menyu, kuchezesha video na kukukumbusha kwamba namba ya simu uliyoandika imepungua tarakimu. Zinazolalamikiwa ni zile za mtu wa tatu, yaani zinazotoka kwa kampuni ambayo si wewe msomaji wala si mwenye tovuti.

Skripti ya aina hiyo husoma anwani ya ukurasa, lugha ya kompyuta, ukubwa wa kioo, majira ya saa ya ulipo na tovuti uliyotokea. Ikiwa imewekwa kwenye tovuti elfu moja, mwenye nayo anakuona kwenye zote elfu. Asubuhi umesoma kuhusu kisukari, mchana umetafuta kiwanja Kibaha, jioni umepitia nafasi za kazi. Kila mwenye tovuti anajua kipande chake tu; mwenye skripti anaijua siku yako nzima.

Nyenzo iliyowezesha hayo ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape. Vidakuzi, kama vinavyoitwa leo, vilikusudiwa kuisaidia tovuti kumkumbuka mgeni wake anapotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, ili bidhaa alizoziweka kwenye kikapu zisipotee. Mitandao ya matangazo ikagundua kwamba kidakuzi kilichopandwa kupitia tangazo kwenye tovuti moja huweza kusomwa kupitia tangazo kwenye tovuti nyingine. Biashara ya DoubleClick ilikua juu ya ugunduzi huo, na mwaka 2007 Google ikatangaza kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.1 za Marekani.

Miaka miwili kabla ya hapo Google ilikuwa imeinunua Urchin, kampuni ya kupima wageni wa tovuti, na kuigeuza kuwa Google Analytics inayotolewa bure. Ndiyo maana imeenea kila mahali, kuanzia tovuti za wizara hadi za parokia.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Steven Englehardt na Arvind Narayanan, walichapisha matokeo ya kupima tovuti milioni moja. Walipozipanga tovuti kwa aina, za habari ndizo zilizoongoza kwa wingi wa wafuatiliaji. Sisi tunaoandika habari hatuna budi kuimeza hiyo.

> Watafiti walipozipanga tovuti kwa aina, za habari ndizo zilizoongoza kwa wingi wa wafuatiliaji.

Mwaka uliofuata Englehardt na Narayanan, wakiwa na mwenzao Gunes Acar, walieleza jambo lililowashtua hata wazoefu. Kuna skripti zinazorekodi kila mwendo wa kipanya na kila herufi unayoandika kwenye fomu, hata kama hatimaye hukuituma fomu yenyewe. Walizikuta zikifanya kazi kwenye tovuti 482 kati ya 50,000 zilizokuwa zikitembelewa zaidi duniani.

Wapo wanaoamini kwamba dirisha la faragha la kivinjari linawakinga. Kwenye vivinjari kama Chrome halizuii skripti kupakiwa. Linachofanya ni kufuta historia na vidakuzi kwenye kompyuta yako ukishalifunga. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu dirisha la aina hiyo la Chrome, na mwaka 2024 ikakubali katika suluhu ya kesi hiyo kuharibu mabilioni ya rekodi. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine, nayo inabadilisha anwani unayoonekana kutokea, lakini ukurasa unashuka na skripti zake zote.

Daftari lililotangulia mfumo

Kompyuta haielewi majina kama google-analytics.com. Inahitaji namba, inayoitwa anwani ya IP. Leo namba hizo huulizwa kwa mfumo wa DNS, lakini mwanzoni hapakuwa na mfumo huo.

Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulitegemea faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko Menlo Park, California, katika kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka kompyuta yake itambuliwe na wenzake aliwasiliana na kituo hicho, jina na namba vikaandikwa, na wengine wote wakaja kuchukua nakala mpya. Mtandao ulipokua, kazi ikawaelemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambayo inazigawa kumbukumbu hizo kwa seva nyingi duniani.

Faili la zamani halikufutwa. Limebaki ndani ya Windows, macOS na Linux hadi leo kama daftari la namba za simu ambalo kompyuta hulipekua kabla ya kuuliza nje. Ikikuta jina limeandikwa humo, inaichukua namba iliyo mbele yake bila kuhoji.

Ujanja wote umo hapo. Andika jina la mfuatiliaji, mpe namba isiyofika popote, basi. Skripti haishuki, kidakuzi hakipandwi, na kampuni husika haipati hata habari kwamba uliufungua ukurasa ule.

Mafundi wetu wa kompyuta wanalifahamu faili hili siku nyingi, kwa sababu nyingine kabisa: hulitumia kuizuia programu isiyolipiwa isiwasiliane na kampuni iliyoitengeneza. Ukinunua kompyuta iliyotumika, ukafungua faili hilo na kukuta orodha ya seva za Adobe, utakuwa umejua historia ya mashine yako.

Mistari mitatu ya kuanzia

Kwenye Windows, faili lipo katika C:\Windows\System32\drivers\etc na linaitwa hosts, bila kiambishi chochote mwishoni. Tafuta Notepad kwenye menyu, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uifungue kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kisha ufungue faili kutokea humo. Ukilifungua kwa njia ya kawaida utaruhusiwa kulisoma, ila ukihifadhi utakataliwa. Kwenye macOS na Linux lipo katika /etc/hosts na linahaririwa kwa amri ya sudo.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala na uiweke mahali pengine. Kisha nenda chini kabisa ya faili, uongeze:

0.0.0.0 www.google-analytics.com
0.0.0.0 static.hotjar.com
0.0.0.0 connect.facebook.net

Hifadhi. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau namba ilizokuwa imezikariri. Fungua upya kivinjari, bonyeza F12, na utaona majina hayo matatu yakishindwa.

Maelekezo ya zamani hutumia 127.0.0.1 badala ya 0.0.0.0. Yote mawili yanafanya kazi. Hata hivyo 127.0.0.1 ni anwani ya kompyuta yako yenyewe, hivyo ombi hurudi nyumbani na kutafuta wa kulijibu, ilhali 0.0.0.0 si anwani ya kompyuta yoyote, na kwa kawaida ombi hufa papo hapo.

Kosa linalowakwamisha wengi ni dogo: Notepad hupachika .txt mwishoni mwa jina la faili. Kompyuta inatafuta hosts, wewe umeihifadhia hosts.txt, halafu unalaumu maelekezo.

Asiyetaka kuandika jina moja moja anaweza kuchukua orodha iliyo tayari. Inayojulikana zaidi ni ile inayotunzwa na Steven Black kwenye GitHub, ambayo huunganisha orodha kadhaa kuwa moja yenye makumi ya maelfu ya majina. Ushauri wangu ni kuanza na mistari michache unayoielewa. Aliyekuandikia daftari lote ameshakuamulia wapi utafika na wapi hutafika, na wezi wanalijua hilo: virusi vya kompyuta vimewahi kulitumia faili hilohilo kulielekeza jina la benki kwenye seva ya matapeli. Orodha ya kuzuia ina 0.0.0.0 au 127.0.0.1 tu. Ukiona namba nyingine yoyote mbele ya jina la benki au la barua pepe, usiipakie.

Pale linapogonga mwamba

Faili hili ni butu. Linasoma majina kamili tu, kwa hiyo ukiandika hotjar.com hujaizuia static.hotjar.com. Halijui ukurasa unataka nini: ukishaifunga connect.facebook.net, umeifunga kila mahali, pamoja na tovuti ambazo huwa unaingia kwa kutumia akaunti yako ya Facebook. Tovuti ikikataa kufunguka na hujui kwa nini, faili hili liwe la kwanza kushukiwa.

Wala haliwezi kitu pale tangazo na maudhui vinapotoka nyumba moja. Matangazo ya YouTube hayazuiliki kwa njia hii, kwa kuwa ukiyafunga unaifunga na video. Na ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, Google inajua unachotafuta hata ukijaza mistari milioni.

Wafuatiliaji nao hawakulala. Mwishoni mwa mwaka 2019 iligundulika kwamba tovuti ya gazeti la Ufaransa la Libération ilikuwa na jina dogo lililoonekana ni la gazeti lenyewe, ilhali nyuma yake ilikuwa kampuni ya ufuatiliaji. Mbinu hiyo hufanyika ndani ya DNS: jina la gazeti linaelekezwa kimyakimya kwenye seva ya mgeni. Faili la hosts linaliona jina la juu tu.

Nani mwenye kauli kwenye kompyuta yako?

Kwa haya yote, mtaalamu atakuuliza kwa nini usiweke tu programu-jalizi ya kivinjari. Hoja yake ni nzito. uBlock Origin, iliyoanzishwa na Raymond Hill mwaka 2014, huchuja kwa makini zaidi kuliko faili la hosts: inazuia kipande kimoja cha ukurasa na kuacha kingine, na kwenye Firefox inaweza hata kuifichua mbinu iliyotumika Libération.

Lakini programu-jalizi inaishi kwa ridhaa ya mwenye kivinjari. Google ilipobadilisha kanuni za programu-jalizi za Chrome, uBlock Origin yenyewe ilianza kuzimwa kwa watumiaji mwishoni mwa mwaka 2024, ikabaki toleo jepesi lenye uwezo mdogo. Kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo yenye kivinjari kinachotumika zaidi duniani, na ndiyo inayoamua kizuizi gani cha matangazo kiruhusiwe humo. Hapo ndipo faili la hosts linapopata thamani: lipo chini ya kivinjari, na kanuni za Chrome hazilihusu.

> Programu-jalizi inaishi kwa ridhaa ya mwenye kivinjari. Faili la hosts lipo chini ya kivinjari.

Msomaji wa Windows asishangilie mapema, hata hivyo. Katikati ya mwaka 2020, kinga ya Microsoft Defender ilianza kuyatambua mafaili ya hosts yaliyozuia seva za Microsoft zinazokusanya taarifa za matumizi kuwa ni tishio kubwa, na kupendekeza yarudishwe katika hali ya awali. Kuna sababu ya haki ndani yake, maana virusi kweli hulichezea faili hilo. Ila mwenye kompyuta aliyeandika mistari hiyo kwa mkono wake naye aliambiwa ana tatizo.

Upande wa wenye magazeti

Mhariri yeyote wa mtandaoni atakuambia kwamba habari ina gharama. Mwandishi aliyekwenda Mtwara kufuatilia korosho alipanda basi, akalala nyumba ya wageni, na analipwa mshahara. Nakala za karatasi zinapungua, na tangazo la mtandaoni lisipoonekana haliingizi senti. Skripti za kupima nazo ndizo zinazomwonyesha mhariri habari ipi imesomwa hadi mwisho na ipi imekimbiwa aya ya pili. Mfanyabiashara mdogo anayeuza viatu mtandaoni ana hoja yake pia: alama ya Facebook kwenye tovuti yake humsaidia kumrudia mteja aliyeangalia na kuondoka, kwa bajeti ambayo isingemnunulia hata nusu ukurasa wa gazeti.

Ujerumani hoja hii ilifika mahakamani. Kampuni ya magazeti ya Axel Springer iliwashtaki watengenezaji wa kizuizi cha matangazo cha Adblock Plus kwa ushindani usio wa haki, na Aprili 2018 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ikaitupa hoja hiyo. Anayeamua kutumia kizuizi, ilisema mahakama, ni mtumiaji.

Hoja ya wachapishaji ina nguvu, ila inachanganya mambo mawili. Tangazo halihitaji kumfuata msomaji ili liuzwe. Tangazo la mbolea kwenye habari ya kilimo limeuzwa hivyo kwenye karatasi kwa zaidi ya karne, bila kujua jina la anayesoma.

Mfano upo. Shirika la utangazaji la umma la Uholanzi, NPO, liliachana na vidakuzi vya matangazo mwanzoni mwa mwaka 2020, likauza matangazo kwa kuzingatia maudhui ya ukurasa. Lilieleza kwamba mapato yake ya matangazo ya mtandaoni yalipanda kwa asilimia 62 Januari na asilimia 79 Februari, kulinganisha na miezi hiyo ya mwaka uliotangulia. NPO si gazeti la Mwanza. Lina jina kubwa na watazamaji wengi. Hata hivyo nani alikuwa akila tofauti ile? Madalali walio kati ya mwenye tangazo na mwenye tovuti.

Na lipo suala la bando. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilipima tovuti 50 za habari kwenye simu na kukuta zaidi ya nusu ya data yote ilitumiwa na matangazo na vitu vingine ambavyo vizuizi vingevichuja. Kwa msomaji anayenunua kifurushi cha siku, hiyo ni fedha yake mfukoni, na hakuna mchapishaji aliyemwomba ruhusa ya kuitumia.

Sheria ipo

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na kamishna wake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Uganda ina ya kwake ya mwaka 2019. Zote zinaweka masharti kwa anayekusanya taarifa za mtu.

Ugumu ni kwamba skripti ipo kwenye ukurasa wa Dodoma na seva yake ipo ng'ambo. Ulaya imeonyesha kwamba inawezekana kufuatilia: Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa vidakuzi kulifanywa kugumu kuliko kukubali. Tume zetu zingeanza na jambo jepesi zaidi: tovuti za serikali na hospitali za umma, ambako mwananchi hana pengine pa kwenda, zisiwe na mfuatiliaji wa kibiashara hata mmoja.

Wenye simu

Wasomaji wetu wengi hawana kompyuta. Kwenye simu ya Android faili la hosts lipo, lakini haligusiki bila kuvunja kinga ya mfumo, jambo ambalo sitamshauri mtu anayeweka fedha zake kwenye simu hiyohiyo.

Njia mbadala ni mpangilio uitwao DNS ya faragha, uliokuja na Android 9 mwaka 2018. Unaupata kwenye mipangilio ya mtandao. Ukiandika humo jina la huduma inayochuja, kama dns.adguard-dns.com, wafuatiliaji wengi wanakataliwa kabla ya kufika kwenye simu. Kumbuka tu kwamba kila jina unalolitembelea sasa litaulizwa kwa kampuni hiyo. Umempunguza mfuatiliaji kwa kumwamini mtu mwingine, na faili la kompyuta halikudai bei hiyo.

Kwa kompyuta ya ofisi, mwone kwanza anayesimamia mitambo. Si mali yako. Kwa ya nyumbani, weka mistari ile mitatu leo, itumie wiki nzima, kisha uongeze mingine kwa kutazama F12. Tovuti ikigoma, weka alama ya # mwanzoni mwa mstari unaoushuku, hifadhi na ujaribu tena. Na gazeti unalolitegemea likikuwekea usajili wa mtandaoni kwa bei unayoimudu, lilipie, kisha uwaandikie wahariri wake, wa gazeti hili wakiwamo, uwadai ukurasa usio na wafuatiliaji.